Kiwango kimoja, bili tofauti

Ndugu, unauliza kwa nini kiwango cha kodi ya majengo ni kimoja mji mzima, ila jirani mwenye nyumba kama yako analipa pungufu. Kiwango ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni thamani iliyoandikwa na mthamini. Kwa kiwango cha asilimia 1.2, nyumba iliyothaminiwa 100,000 hutozwa 1,200. Ikithaminiwa 80,000, ni 960.

Kwa hiyo omba karatasi ya uthamini uisome mstari kwa mstari: ukubwa, idadi ya vyumba, mwaka wa kujengwa. Banda ulilobomoa zamani laweza kuwa bado limo humo, nawe unalilipia! Muulize pia jirani kama ana msamaha. Miji mingi huwapunguzia wazee au mwenye kuishi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Ukiona kosa, wahi rufaa, maana muda wake huwa mfupi. Nenda na picha na bei za nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni. Kulia kwamba kodi ni kubwa hakutakusaidia, kwa kawaida wanaosikiliza rufaa hupima thamani tu.