Fundi Ajibu: Simu ya mezani isiyo na waya

Barua nyingi za safari hii zinahusu simu za mezani zisizo na waya, na karibu zote, ukizichimba, tatizo ni umeme: betri, adapta, au kitako (kile kikalio kinachounganishwa na laini na umeme) kilichokosa moto. Simu yenyewe mara nyingi ni nzima.

Shikamoo fundi. Tumemnunulia bibi simu isiyo na waya, mpya kabisa. Niliichaji kwa saa mbili, alama ya betri ikajaa, lakini bibi alipoongea kidogo tu ikazima. Mwenye duka anasema simu haina ubovu. Tumwamini?
*Msomaji wa Rau, Moshi*

Marahaba. Mwaminini, ila alipaswa kuwaambia habari ya chaji ya kwanza.

Simu nyingi za aina hii hutumia betri mbili za kuchaji za aina ya NiMH, volti 1.2 kila moja, saizi ile ile ya betri ndogo za rimoti. Betri hizi hujipunguza zenyewe hata zikiwa zimelala kwenye boksi, kwa hiyo zinakufikia karibu tupu. Ukiweka mkono wa simu kwenye kitako, volti hupanda upesi, na alama ya kwenye kioo inafuata volti. Umeme ulioingia kwa kweli haiujui. Hapo ndipo ilipokudanganya.

Hesabu ni hii. Chukua betri ya mAh 750 (kiasi cha umeme inachobeba) inayochajiwa polepole kwa mA 75 (kasi ya umeme unaoingia). Gawanya, unapata saa 10. Sehemu ya umeme hupotea kama joto, kwa hiyo ongeza karibu nusu, unafika saa 14 hadi 16. Ndiyo sababu vitabu vya maelekezo hutaka saa kama 16 mfululizo kwa mara ya kwanza. Ukiiweka saa 12 jioni, iondoe saa 4 asubuhi. Umeme ukikatika usiku, muda wa giza usiuhesabu.

Kabla ya kurudia, fungua mfuniko wa nyuma. Angalia kama kuna kipande cha nailoni kilichobaki kati ya betri na kichuma chake, kinasahaulika sana. Angalia + na −: upande bapa wa betri, yaani −, ndio unaokaa kwenye springi. Kisha tazama vile vichuma viwili vidogo chini ya mkono wa simu na vingine viwili ndani ya kitako. Vikiwa na ukungu wa mafuta au kutu, visugue kwa ufutio wa penseli, umalizie kwa kitambaa kikavu. Ukiupachika mkono vizuri utasikia mlio au utaona alama ya betri ikicheza. Usipoona chochote, haijakaa, sukuma tena. Mkono kuwa na uvuguvugu wakati wa chaji ni kawaida. Ukiwa wa moto usioshikika, utoe, betri zibadilishwe.

Baada ya chaji hiyo, bibi aitumie mpaka ilie kuomba chaji, ndipo airudishe. Ikifanyika hivyo mara mbili tatu, alama ya betri inaanza kusema kweli. Baada ya hapo anaweza kuiacha kwenye kitako kila siku bila hofu. Ule ushauri wa kwamba lazima betri iishe kabisa kwanza ulikuwa wa betri za zamani za NiCd.

Ikiwa hata baada ya saa 16 inazima, pima betri kwa mita, moja moja. Betri nzima iliyotoka kwenye chaji na kupumzishwa kidogo husoma karibu volti 1.3. Inayosoma chini ya 1.0 haikushika chaji, na inayosoma sifuri imekufa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kwani moja chakavu huivuta chini mwenzake. Nunua zilizoandikwa NiMH, 1.2V, AAA, zenye mAh karibu sawa na za awali. Hapa nina neno. Usiweke betri za kawaida za rimoti, hata kwa siku moja: hazikuumbwa kuchajiwa, na kitako kitazilazimisha mpaka zivuje au zipasuke. Kuna pia betri za lithiamu zenye umbo hilo hilo lakini volti 3.7, hizo zinaweza kuua mkono wa simu papo hapo.

Fundi, ndugu yangu wa Marekani ameniletea simu yenye mikono mitatu, nzuri kweli. Nibadilishe plagi tu nichomeke?
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Usichomeke kabla ya kusoma maandishi madogo ya kwenye adapta. Ukiona "INPUT 100–240V", tafuta tu kigeuza plagi. Ukiona "120V 60Hz" peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza, na kile kigeuza plagi cha dukani hakishushi volti hata kidogo. Kinabadilisha umbo la pini basi. Adapta mbadala unaweza kupata, mradi volti za upande wa "OUTPUT" zilingane, iwe DC (umeme wa mkondo mnyoofu) kama ya awali ni DC, + na − zikae upande ule ule, na mA zisiwe chini ya zilizoandikwa. Ukumbuke kuhesabu na adapta za vile vitako vidogo vya mikono mingine.

Lakini mimi nisingeingia gharama hiyo. Angalia kama boksi limeandikwa "DECT 6.0", yaani mfumo wa Marekani wa simu zisizo na waya. Simu hizo hutumia masafa ya 1920–1930 MHz, ambayo kwetu ni sehemu ya masafa ya simu za mkononi. Zinaweza kuvuruga mtandao wa jirani, na vifaa vya mawasiliano hapa nchini vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Tafuta ya DECT ya kawaida, ya 1880–1900 MHz.

Nyumba yetu ya wageni ina mikono miwili. Wa mapokezi unafanya kazi, wa jikoni umejaa chaji lakini unatafuta kitako tu.
*Msomaji wa Kiboroloni, Moshi*

Usajili umepotea. Usogeze karibu na kitako, ubonyeze na kushikilia kitufe cha kitako cha kuitia mkono kwa sekunde kama tano hadi taa iwake-wake, kisha kwenye menyu ya mkono chagua kusajili. Ukiombwa namba ya siri, jaribu 0000. Ukishindwa, chomoa kitako kwenye umeme, subiri dakika moja, urudie. Ukikubali pale karibu lakini ukapotea tena ukifika jikoni, tatizo ni umbali na kuta. Ndani ya nyumba tegemea mita 50 hivi, na kuta nene za mawe hupunguza. Inua kitako juu ya kabati, mbali na friji na maikrowevu.

Umeme ukikatika simu nayo inakufa, wakati betri imejaa. Zamani simu ya mezani haikuwa hivi.
*Mzee wa Usa River*

Shikamoo mzee. Betri iko kwenye mkono, ila kitako hakina betri, na mkono hauongei na laini bila kitako. Ile ya zamani ilipata umeme wake kwenye waya wa laini. Kwa hiyo, kama bado una laini ya waya wa shaba, weka na simu moja ya kawaida yenye waya. Itaita hata gizani. Kama umeingizwa fiba, simu huchomekwa kwenye tundu la "TEL" au "PHONE" la kisanduku, nacho kinahitaji moto, kwa hiyo utafute UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ndogo ya kubeba kisanduku na kitako pamoja. Ukiisha kuunganisha, jipigie kwenye simu ya mkononi: namba itakayotokea ianze na 027.

Na radi zikianza masika, chomoa adapta na waya wa laini pia. Wengi huchomoa umeme tu, radi ikaingilia kwenye laini.