Treni ya mbao kwa mtoto: usikimbilie msumeno

Mkuu uliyeuliza kama asiye fundi anaweza kumchongea mtoto wa miaka minne treni ya mbao: anaweza. Mimi naendesha bajaji hapa Moshi, useremala nausikia tu. Ila nilianza vibaya.

Treni ya abiria iliporudi mjini mwishoni mwa 2019 tulishangilia sisi wakubwa. Wangu amezaliwa ameikuta, na bado hajaizoea. Akisikia honi anaacha ugali. Basi nikatumia wiki mbili kuchonga kichwa cha treni: madirisha, taa, hadi bomba refu la moshi (za kwetu ni za dizeli, najua, ubishi wangu tu). Alikichezea siku mbili, akarudi kwenye vibanio vya nguo vya mama yake, anavibanisha kimoja kimoja hadi mlangoni. Ndipo nikakumbuka: stesheni hatazami kichwa hata kidogo. Anamtazama yule jamaa anayeingia katikati ya mabehewa kuyaunganisha. Kumbe raha yake iko pale.

Nikamtengenezea mabehewa manne. Mbao ni grevilea, ile miti ya kivuli ya kwenye kahawa, babu yake alitupa kipande kutoka Kibosho. Kila behewa sm 12 kwa 5.

Magurudumu ndiyo yalinitesa. Nilikata vipande kwenye tawi la mviringo, nikajiona mjanja. Wiki ya tatu yote yamepasuka, ufa kutoka ukingoni hadi katikati. Fundi mmoja alinicheka kwanza, halafu akanieleza kwamba mti ukikauka husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo kipande cha hivyo lazima kiachie mahali. Sasa nakata plaiwudi ya mm 12. Ekseli ni kijiti cha mm 6, tundu la kwenye behewa mm 7. Gundi inashika gurudumu na kijiti, basi. Ikichuruzika tunduni, behewa haliendi tena. Kijiti kisugue mshumaa kabla ya kukipitisha.

Kuunganisha: usiweke sumaku, tafadhali. Mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya tumbo na kubana utumbo mpaka unatoboka. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikatoboa tundu ncha moja, kinavishwa kwenye kigingi cha behewa linalofuata. Kigingi kiwe kinene, kizame sm 2 ndani ya mbao na gundi, asije akaking'oa kwa meno.

Msasa namba 80, kisha 120, umalizie 240. Rangi sikupaka, bado anatafuna vitu. Nta ya nyuki niliyeyusha kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikapaka kwa kitambaa.

Kile kichwa changu cha wiki mbili sikukiwekea kigingi. Kwa hiyo sasa kinaburutwa mwisho kabisa, kimeshikiliwa na kibanio cha nguo.