Kazi Ikihamia kwa Mke, Jiko Nalo Lihame

Baba watoto alipopunguzwa kiwandani, kibanda changu cha chakula pale stendi ndicho kilichobaki kulisha nyumba. Naamka usiku wa manane kuchemsha supu na kukanda chapati, kunapambazuka nipo kazini. Kodi, umeme, michango ya shule, dawa za mama mkwe, vyote juu yangu. Jioni nikirudi nakuta vyombo vya asubuhi vimelowa kwenye beseni, ukoko wa uji umeganda sufuriani, na mwenzangu yuko barazani na redio yake.

Hakuwa mvivu. Angepata kibarua cha zege angebeba kutwa nzima. Lakini kuosha kikombe mbele ya wapangaji wenzetu kulimshinda, maana wangesema kalishwa limbwata.

Watu husema mwanamke akishika pesa anapata kiburi, ndoa inakufa. Mimi nilichokiona ni uchovu. Mtu mmoja anatafuta, anapika, anafua, anaogesha watoto, kisha usiku anatakiwa awe na bashasha. Hata mapenzi yawe makubwa kiasi gani, yatakauka.

Wageni wakija aliniomba nimpe noti chumbani ili amtume mtoto soda mwenyewe. Nilimpa kwa moyo mmoja. Wakiondoka ananuna mpaka kesho yake, kwa sababu sote wawili tulijua pesa ilikotoka. Kwa hiyo dada yangu, msifichane. Kazi ikikatika, kaeni chini mapema kabla kiinua mgongo hakijaisha, mtaje kila kazi ya nyumba hiyo na nani ataifanya. Mwiteni na mshenga asikie, ili siku mawifi wakianza maneno awepo wa kuwajibu.

Msitegemee sheria iwapangie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume jukumu la kumtunza mke. Mke anawajibika kumtunza mume pale ambapo ugonjwa wa mwili au akili umemfanya ashindwe kujipatia riziki. Aliyepunguzwa kazi akiwa mzima wa afya hatajwi hapo. Ila mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi kama kupika na kulea kuna thamani anapofanya mwanamke, thamani hiyo haipotei akifanya mwanamume. Kaka zangu, hili ningependa mlishike sana.

Sisi tulifika baraza la usuluhishi. Mzee mmoja akamuuliza, "Mkeo akiumwa leo, watoto watakula nini?" Mwenzangu akainamisha kichwa, hakujibu. Tulikuwa tumeshachokana, tukaachana.

Wewe ambaye bado mna maelewano, anza na kitu kimoja. Mume ampeleke mtoto shule na ahakikishe chakula cha jioni kipo jikoni mkewe anaporudi. Mke naye asimsimange kwa majirani, wala kukosoa ugali wake wa kwanza. Lakini kama hasira za kukosa kazi zimegeuka kipigo, hayo si ya kukalia kikao cha ukoo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na watoto uondoke nao.