Jina la mama halikusomwa: je, Misa yake imepotea?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mama yetu ametimiza mwaka tangu afariki. Wiki tatu kabla, nilikwenda ofisi ya parokia yetu hapa Mbeya, nikaandikisha nia ya Misa ya Jumapili, yaani itolewe kumwombea mama, na kutoa sadaka. Ndugu walifika tangu Jumamosi kutoka Makete. Jina halikusomwa. Katibu akasema nia zilikuwa nyingi, zimeunganishwa. Tangu hapo sijaenda jumuiya. Misa ya mama imepotea?

Jibu: Milele na milele, amina. Pole sana, dada yangu. Naiona ile benchi: mmevaa sare, shangazi anakugusa bega na kunong'ona, "Wameshamtaja?" Nawe huna la kumjibu. Ni aibu inayouma.

Nianze na mama. Kutajwa jina na kutolewa Misa ni mambo mawili. Misa hutolewa kwa nia anayoiweka padre anapoadhimisha. Tangazo linatusaidia sisi tuliokaa kanisani tusali pamoja naye. Mtakatifu Monika, alipokuwa akikaribia kufa kule Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wamzike popote, mradi wamkumbuke altareni. Na hakuna Misa, hata ya kigango cha mbali yenye waamini kumi, isiyowaombea marehemu katika Sala ya Ekaristi. Mama yako aliombewa siku ile.

Lakini hilo lisitumike kufunika haki yako. Kanuni ya 948 ya Sheria za Kanisa inataka kila nia iliyopokelewa na sadaka yake, hata ikiwa ndogo, iadhimishiwe Misa yake ya pekee. Kuunganisha nia kadhaa katika Misa moja kuliruhusiwa mwaka 1991 kwa masharti, na mwaka 2025 Roma ikatoa utaratibu mpya. Nyakati zote mbili sharti moja halikuguswa: mtoaji aambiwe wazi na aridhie. Wewe hukuulizwa. Kama ndivyo ilivyokuwa, parokia bado inadaiwa Misa ya mama yako. Naandika haya nikiwa padre, na yananiuma.

Kuna jambo ambalo sisi mapadre hatulielezi vya kutosha. Kila Jumapili paroko anawajibika kutoa Misa moja kwa ajili ya waamini wake wote. Huenda mliyohudhuria ilikuwa hiyo, na nia yako ikaadhimishwa siku nyingine bila wewe kuambiwa. Jibu lipo kwenye daftari la nia, ambalo kanuni ya 958 inaidai kila parokia: nia, sadaka, na kama Misa imeadhimishwa.

Basi nenda kwa paroko mwenyewe, siku ya kazi, baada ya Misa ya asubuhi. Mwambie, "Padre, naomba tuangalie daftari. Misa ya mama iliadhimishwa lini?" Ikiwa bado, omba tarehe ya katikati ya wiki, na usitoe sadaka ya pili. Ukikosa msaada hapo, mwone dekano, padre anayesimamia parokia za eneo lenu.

Jumuiya usiiache hata wiki moja zaidi. Wale kina mama waliolala nawe chini msibani, wakakupikia na kukushika mkono makaburini, hawahusiki na daftari lile. Wanakukosa.

Nitumie jina la ubatizo la mama. Alhamisi Misa yangu ya asubuhi haina nia iliyoandikishwa; nitamtolea yeye, bila sadaka yoyote.