King'amuzi cha kurekodi hakijui mpira unaisha lini

Nafanya kazi zamu ya usiku na mpira naupenda. Miaka mingi mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya nilikuwa nasimuliwa na bodaboda asubuhi, tena kwa chumvi. Ndipo nikajinyima, nikanunua Explora ya DStv, king'amuzi chenye diski ya kurekodia ndani.

Mechi ya kwanza ya mtoano niliyorekodi ilinifunza adabu. Nimerudi saa moja na nusu asubuhi, simu nimeizima data tangu kazini, kwenye daladala nimeziba masikio kwa spika zisizo na muziki ili nisisikie matokeo. Nikaoga, nikamimina chai, nikakaa. Dakika 90 sare, dakika 30 za nyongeza zinaelekea ukingoni, halafu kioo kikaniuliza: ufute au ubakize? Rekodi imeisha. Penalti nilihadithiwa na bodaboda yule yule.

King'amuzi kinafuata ratiba, refa hakimhusu. Kwa mechi ya mtoano, usirekodi mechi peke yake. Bonyeza na kipindi kinachofuata kwenye chaneli hiyo hiyo, hata kama ni marudio ya gofu. Utafuta baadaye.

Jingine ni saa. Kioo kinasema 22:00, sisi tunasema saa nne usiku, na mwisho wa Oktoba Ulaya wakirudisha saa zao nyuma, mechi ya saa nne kwetu inakuwa saa tano. Ukipanga kwa kuchagua mechi yenyewe kwenye ratiba, huna shida. Ukipanga kwa kuandika saa mwenyewe, ndio unaamka na dakika 60 za matangazo na wachambuzi.

Nafasi isikudanganye. Diski ya Explora yangu ni terabaiti 2, lakini ya kurekodia mwenyewe ni kama saa 220. Sehemu nyingine ni ya vipindi ambavyo king'amuzi kinajishushia chenyewe. Mama mkwe akija na tamthilia zake za Kituruki, kila siku epizodi moja, utashangaa inavyoliwa. Ukiwa na kitu unachokipenda, usikiache bila kukilinda kisifutwe. Na usiwaze kuhamishia kwenye flashi: rekodi zimefungwa kwa msimbo, na kwa kawaida kifurushi kikikatika hazifunguki mpaka ulipie. Kwa hiyo kabla ya kusafiri angalia tarehe ya malipo kwanza.

Umeme ndio adui mkubwa. Diski inazunguka muda wote, na umeme ukikatika katikati ya rekodi, kinachobaki ni kipande. Mimi nilinunua yupiesi ndogo, ile betri ya kompyuta inayoshika umeme ukikatika. Haiwashi televisheni, na sihitaji iiwashe. Inabeba king'amuzi peke yake, na umeme wa kurudi kwa kishindo haukifikii.

Mvua hainunuliwi yupiesi. Wingu zito likikaa mbele ya dishi, utarekodi picha ya vipande vipande. Kwa mechi kubwa natazama ratiba kama kuna marudio alfajiri, narekodi yote mawili.

Usiku huu kuna mechi. Nimeshaibonyeza pamoja na gofu yake, tamthilia ya mama mkwe itarekodiwa saa hiyo hiyo kwenye chaneli yake, na watoto wameambiwa atakayechomoa waya wa yupiesi kuchajia simu tutajuana asubuhi.