Unaishi mjini kati ya Dar? Kabla hujamwandikisha mtoto shule ya serikali

Mwezi wa kushughulika ni Oktoba. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufunguliwa mwezi huo kwa ajili ya Januari, na shule za Kariakoo, Gerezani, Kisutu na Upanga huzidiwa mapema kwa sababu mbili: hakuna uwanja wa kujenga madarasa mapya, na wazazi wengi wanaofanya kazi mjini huwaleta watoto wao kutoka Gongo la Mboto au Mbagala. Anayekwenda wiki ya kwanza ya Januari akiwa amemshika mtoto mkono hukuta daftari limejaa, na huelekezwa shule nyingine ambayo hakuichagua.

Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa pamoja na chenyewe halisi, na barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Mtaa. Wapangaji wa ghorofani husahau hii barua kwa kuwa hawajawahi kufika kwa mjumbe. Jitambulishe mapema, usisubiri siku ya shida. Umri wa awali ni miaka mitano, darasa la kwanza sita. Ukikataliwa kwa maelezo usiyoyaelewa, nenda kwa Afisa Elimu Kata, na akishindwa yeye, Ofisi ya Elimu Msingi ya Jiji. Kubishana na mwalimu wa zamu getini hakumsaidii mtoto.

Hakikisha majina yanaandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye cheti. Kama cheti kinasema Mohamed, shuleni isiwe Mohammed wala Mudi. Mtoto hupewa namba ya PREM, yaani namba yake ya usajili wa mwanafunzi, ambayo humfuata katika uhamisho na katika mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya darasa la nne na ya kumaliza msingi. Kosa la jina likigunduliwa darasa la kwanza, mwalimu hulirekebisha kwa urahisi. Likigunduliwa baada ya usajili wa mtihani, ni safari za ofisini na barua juu ya barua.

Sasa lugha, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Shule nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo. Upanga kuna mbili za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, Olympio na Diamond. Hizo zina gharama kwa mzazi, na nafasi zake hugombewa sana, kwa hiyo usizipange kama uhakika. Ziombe huku ukiwa na shule ya pili mkononi. Shule za Kiswahili hazina ada tangu Januari 2016. Serikali hutoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki kwa ajili ya vitabu. Ukiigawa kwa mwezi utaelewa kwa nini mkutano wa wazazi hujadili chakula na mlinzi. Hudhuria mkutano huo. Mchango mliokubaliana toa ukiweza, lakini mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kumwanzisha mtoto shule binafsi ya Kiingereza bila hesabu ya miaka yote, biashara ikayumba, akahamishiwa shule ya Kiswahili darasa la tano. Mtoto huyo anajua kujumlisha sehemu, kama nusu na robo, vizuri kabisa, ila akisikia "kiasi" (namba ya juu ya sehemu) na "asili" (ya chini) anamkodolea mwalimu macho. Hajui "mzingo", yaani urefu wa kuzunguka umbo, ni nini, ingawa nyumbani angeweza kuupima kwa kamba. Wenzake wanamwona mzito, naye anaanza kuamini. Kama unaona dalili kwamba ada itakushinda, mhamishe kabla ya darasa la nne, na miezi miwili ya kwanza kaa naye na vitabu vya Hisabati na Sayansi vya Kiswahili, mkiyapitia maneno tu. Anayesoma kwa Kiswahili naye msomee hadithi za Kiingereza kila siku tangu darasa la tatu, kwa sababu kidato cha kwanza masomo karibu yote yatageuka ghafla kuwa ya Kiingereza.

Shule itembelee siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, sio wakati wa likizo. Usiulize shule ina wanafunzi wangapi; uliza darasa la kwanza lina watoto wangapi na mikondo mingapi. Kiwango ni watoto 45 kwa chumba, awali 25. Mjini utakuta zaidi, hilo tusidanganyane, lakini kuna tofauti kubwa kati ya darasa la 70 lenye madawati ya kutosha na la 70 ambalo watoto wanaandikia magotini. Fika vyooni pia. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Fungua bomba uone kama maji yanatoka.

Mwenye mtoto asiyeona, mwenye ualbino au ulemavu wa akili asimfiche ghorofani. Uhuru Mchanganyiko, pale Kariakoo, ni shule ya serikali yenye vitengo vya watoto hao na bweni.

Sekondari huchagui wewe, TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa) ndiyo hupanga, na kwa shule za kutwa huangalia zaidi mtoto amemalizia wapi msingi. Ukikaa Upanga huku mtoto amemalizia Kinondoni, jiandae apangwe hukohuko. Kuna jambo la kuweka akilini: elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba kuwa sita, hivyo waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka uleule waliowatangulia wanamaliza la saba. Mikupuo miwili itaingia kidato cha kwanza pamoja. Mwenye mtoto katika madarasa hayo asimhamishe ovyo miaka hii.

Barabara ndiyo ipewe uzito kuliko jina la shule. Tembea njia yote na mtoto mara tatu kabla ya Januari, saa ileile atakayopita. Barabara za Morogoro na Msimbazi zina njia za mwendokasi katikati: mtoto huvuka magari ya upande wa kwanza, akadhani amemaliza, kumbe basi linakuja kimya kutoka upande asioutazama. Mfundishe kusimama mara mbili, pembezoni na tena kabla ya njia ya mabasi. Kama kati ya nyumba na shule kuna bonde la Jangwani, kumbuka masika: mto Msimbazi ukifurika barabara hufungwa, na mtoto anakwama ng'ambo. Daladala nazo, nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, ndiyo maana makonda huwaruka wanafunzi vituoni.

Mwisho, darasa la kwanza na la pili hutoka mapema, wakati duka lako lina wateja wengi. Panga jina la mtu mmoja anayemchukua, mpeleke kwa mwalimu wa darasa amwone uso, na namba yake ya simu iandikwe nyuma ya daftari la mtoto.