Kitanda kiwe karibu na spika

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukienda kustarehe Zanzibar, usiku unaufaidi vipi na kurudi salama?" Mimi ni keshia wa baa moja hapa Sinza, mwaka wa tisa sasa. Walevi wa bara nawafahamu vizuri. Wa visiwani niliwafahamu siku nilipokuwa mmoja wao.

Sisi watu wa Dar tunajidanganya. Tukishuka kwenye boti, safari ya saa mbili tu, tunajiona bado tuko nyumbani. Hapa Sinza ukitoka baa saa nane usiku, bodaboda wanakugombania kabla hujavuka mtaro. Na akili hiyo hiyo ndiyo tuliyokwenda nayo Kendwa, kaskazini mwa Unguja, kwenye sherehe ya ufuoni ya Jumamosi ya mwezi mpevu, watu wanne: wahudumu wawili, mimi na mchoma nyama wetu. Chumba tulichukua Mjini, karibu na Darajani, tukijisifu kwamba tumepata cha bei nafuu. Kwenda hakukuwa na shida, daladala namba 116 ya Nungwi, mchana kweupe. Kurudi sasa! Karibu kilomita 60, usiku wa manane, daladala zimeshalala, na dereva pekee aliyekuwa macho alitaja nauli ambayo tungelipia vyumba pale pale ufuoni na chenji ikabaki.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo: lala unapochezea. Ukishindwa, mpate dereva mchana ukiwa na akili zako, mkubaliane nauli na saa, chukua namba yake ya simu na ya gari, mpe nusu, nusu nyingine mkifika. Mengine yote yanafuata hapo.

Hilo la nauli lakini lilikuwa dogo. Bahari ndiyo iliyotutia adabu.

Tulifika ufuoni saa nne usiku, maji yamekupwa mbali, mchanga umetanda mweupe kama shuka. Tukatandika khanga, tukaweka viatu, mikoba na simu mbili, tukaingia kucheza. Mzee mmoja mlinzi akapita, akasema, "Wanangu, hivyo vitu visogezeni juu. Leo bamvua." Tukamjibu kwa heshima zote, "Shikamoo baba, ahsante baba," na hatukusogeza hata kandambili. Mimi neno bamvua nililijua kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili.

Nieleze, maana najua siko peke yangu. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile ukiandama, jua na mwezi huyavuta maji kwa mstari mmoja, basi bahari hupanda na kushuka zaidi kuliko siku nyingine, zile za maji mafu. Hiyo ndiyo bamvua. Unguja tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kufika kama mita nne, na hiyo ni nyumba ya chini na paa lake. Saa zake nazo zina desturi: siku za bamvua maji hukupwa kwenye saa nne na kujaa kwenye saa kumi, usiku na mchana. Yaani sherehe ya mwezi mpevu huanza ufuo ukiwa uwanja wa mpira, na inapokaribia kuisha umebaki uchochoro. Kwenye saa tisa khanga yetu ikaondoka. Viatu tulipata kimoja kimoja. Simu moja ilikunywa maji ya chumvi na haijasema neno tena.

Simu hununuliwa nyingine. Mchoma nyama wetu, ana bia sita kichwani, aliingia majini kuufukuza mkoba. Hatua ya kwanza maji magotini, ya nne kifuani, na wimbi lilikuwa halina haraka hata kidogo. Yule mzee ndiye aliyemvuta kwa shati. Tangu siku hiyo nikionja pombe bahari naitazama tu. Boti za muziki za usiku ndiyo kabisa: kama nahodha anaongeza watu na maboya ya kuvaa siyaoni, sipandi. Bahari ya Nungwi ndiyo iliyoimeza meli ya abiria MV Spice Islander Septemba 2011, usiku, imejaa kupita kiasi.

Sasa niseme la kazini kwangu. Mhudumu wa huku akileta bia anakuonyesha kwanza: "Nifungue?" Watu wanadhani ni adabu tu. Hiyo ni kinga yako. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, na glasi uliyoiacha mezani ukaenda kucheza, hiyo si yako tena, agiza nyingine. Lipa kila unapoagiza. Bili ya mwisho wa usiku mimi ndiye ninayeiandika, na nawaambia ukweli, hakuna anayeisoma.

Papasi, wale vijana wanaowaandama wageni, watakufuata. Anayeuza safari na anayeuza shanga ni riziki yake, mkatae kwa salamu. Anayenong'ona kwamba ana cha kukuchangamsha, usimpe hata sekunde. Polisi wa visiwani na wa bara wanakamata kwa kosa lile lile. Namba ya dharura huko na huku ni 112.

Na si lazima disko. Bustani ya Forodhani, kule Mjini, usiku kuna urojo, mishkaki, pweza na maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, ila uliza bei kabla hajaanza kukujazia sahani. Ukitoka ufuoni jitande khanga, umeingia kijijini kwa watu. Ramadhani ikiingia, starehe za usiku hupungua sana, basi panga tarehe nyingine.

Mwezi wa nane tunarudi, wanne wale wale. Vyumba viwili, kutoka kitandani hadi kwenye spika ni mwendo wa kumaliza soda. Boti ya kurudi nimekata ya alasiri. Ile ya saa moja asubuhi niliipanda mara ya kwanza, kusi linavuma, harufu ya bia bado mdomoni, na mfuko wa kutapikia niliogawiwa sikumrudishia mtu. Mchoma nyama amejinunulia kamba ya kuvaa simu shingoni. Anaivaa hata jikoni.